Kambare Wangu Hawaonekani Wakila: Nifanyeje?

Swali: "Nina tangi la lita 180. Juu wapo danio 8 na tetra wakubwa kiasi 10. Chini wapo Corydoras 3, wale kambare wadogo, na kambare mmoja wa mistari niliyeuziwa kwa jina la Raphael. Nawalisha vile vipande vyembamba vinavyoelea, asubuhi na jioni. Wa juu humaliza kabla sijafunga kopo. Corydoras wanajibanza nyuma ya kisiki, na huyo Raphael sijamwona tangu nimtie, wiki 3 sasa. Nimeanza kuzidisha chakula ili kingine kiwafikie walio chini, lakini maji yamekuwa kama yametiwa maziwa. Je, wanakufa njaa au ndivyo walivyo? Niwalisheje?"

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na hayo maji, maana yanaweza kukuulia samaki kabla njaa haijafika. Ukungu mweupe unaokuja baada ya kuzidisha chakula mara nyingi ni bakteria waliofumuka kwa sababu ya mabaki yanayooza, na mabaki hayohayo ndiyo yanayozaa amonia, sumu kwa samaki. Leo na kesho usitie chakula chochote. Samaki mwenye afya hadhuriki kwa siku mbili bila mlo, na hata huyo unayemhofia njaa ana nafasi nzuri zaidi katika maji safi na tumbo tupu kuliko katika maji machafu. Nyonya uchafu wa chini kwa mpira, badilisha theluthi moja ya maji (mapya yawe yametolewa klorini na joto lake likaribiane na la zamani), kisha pima amonia na nitriti, ambayo nayo ni sumu. Zote mbili zinatakiwa zisome sifuri. Zisiposoma sifuri, rudia kesho. Filta usiioshe kwa maji ya bomba katika siku hizi, kwa sababu bakteria wanaokusaidia kuiondoa amonia wanaishi humo.

Sasa tuje kwenye ulichouliza. Kutokana na maelezo yako sioni dalili kwamba kambare wako wanakataa chakula. Chakula hakiwafikii. Kinashuka saa ambayo hawatoki, kinaangukia mahali wasipokaa, tena ni cha kuelea. Ukiongeza kiasi mara mbili au mara kumi, mambo hayo matatu yanabaki vilevile, ila danio wananenepa na maji yanachafuka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niwape nini" tuulize "saa ngapi" na "wapi".

Kwanza tutenganishe wageni wako wawili, kwa sababu uoga wao si wa aina moja.

Corydoras ni samaki wa mchana, na ni wa makundi. Katika mito ya Amerika Kusini hutembea kwa magenge wakipekua mchanga, na mmoja akipata kitu wengine humjazia hapohapo. Watatu ni wachache mno. Mimi huanza kuwaita kundi wakifika sita, tena wa aina moja, maana ukichanganya aina tatu tofauti unapata wapweke watatu. Nimeona zaidi ya mara moja tangi ambalo Corydoras wawili watatu walikuwa hawatoki kabisa, wakaongezewa wenzao, na haikuchukua muda wote wakawa wanatambaa mbele ya kioo mchana kweupe, chakula kikiwa kilekile. Ukiyasafisha maji na vipimo vikakaa sawa wiki mbili mfululizo, waongezee watatu. Kwa tangi la lita 180 hapana msongamano hapo.

Raphael, ambaye jina lake la kitaalamu ni Platydoras armatulus, ni wa usiku hasa. Mchana hujikaza kwenye ufa wa gogo, akapanua miiba ya mapezi na kujifunga humo kama komeo, na unaweza kuishi naye mwaka mzima ukamwona mara za kuhesabika. Wiki tatu kwake si kitu. Huyu usimtarajie abadili tabia. Badili wewe ratiba. (Jambo moja umjue mapema: hukua kufikia sentimita 20 hivi, na samaki mdogo anayeingia mdomoni mwake usiku ni chakula kama chakula kingine. Danio wako angalia.)

Kuna jambo linalowashangaza wengi: ukitaka kambare atoke, mwongezee mahali pa kujificha. Mtu akiona samaki haonekani huwa anaondoa mawe na visiki "ili atoke nje", kumbe anamtia hofu zaidi. Kambare anayejua kwamba pango liko hatua moja nyuma yake hutoka. Asiye na pango hujibanza penye kona na kutulia kimya akingoja hatari ipite, na kwake hatari haipiti. Weka mapango mengi kuliko idadi ya kambare, mawili au matatu yawe upande wa mbele, na juu ya maji tia mimea inayoelea ipunguze ukali wa taa. Kama taa yako ni kali sana, punguza saa za kuwaka. Saa nane kwa siku zinatosha mimea mingi ya kawaida.

Na kelele. Hii husahauliwa sana. Kambare ana mifupa midogo inayounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo anasikia vizuri kuliko samaki wengi. Mlango unaobamizwa karibu na tangi, spika iliyowekwa juu ya meza hiyohiyo, mtoto anayegonga kioo kwa kidole: yote hayo yanamfikia kwa nguvu. Lakini sikio hilohilo linaweza kukufaa. Mwaka 1923 mtafiti Karl von Frisch alichapisha habari za kambare mdogo asiyeona aliyekuwa akiishi ndani ya bomba la udongo. Kila alipomletea kipande cha chakula alipiga mluzi. Baada ya siku kadhaa mluzi wenyewe ukatosha: samaki alitoka bombani akitafuta chakula ambacho bado hakijatiwa. Sikwambii upige mluzi, ingawa hakuna anayekukataza. Ninachotaka ukichukue hapo ni kwamba kambare hujifunza saa na ishara. Ukimlisha saa moja jioni leo, saa tano usiku kesho, na keshokutwa ukasahau, hana cha kujifunza.

Hivi ndivyo ningefanya jioni katika tangi lako.

Taa ya tangi ikiwa bado inawaka, lisha wa juu kwanza, kwenye kona iliyo mbali na kisiki. Wape kidogokidogo, mara mbili tatu kwa ncha za vidole, hadi uone wanaanza kuchagua badala ya kugombania. Wakishiba watapoteza hamu ya kushuka chini kuiba. Halafu zima taa ya tangi lakini acha ya chumbani, mwanga uwe kama wa magharibi. Subiri nusu saa. Danio watatulia, tetra watasimama kimya. Hapo tia chakula cha Corydoras, sehemu mbili kwa wakati mmoja, mahali pa wazi mbele ya kisiki, ili mmoja akikalia huku mwingine apate kule. Baada ya saa moja au zaidi, nyumba nzima ikiwa giza, tia cha Raphael.

Kwa huyo Raphael tumia bomba. Tafuta kipande kipya cha bomba gumu la plastiki lenye upana wa sentimita mbili au zaidi kidogo, kirefu kutoka juu ya maji hadi kwenye mchanga. Kisuuze, kisimamishe kwenye kona, mdomo wake wa chini uingie kwenye kivuli cha kisiki anapojificha. Ukidondosha punje juu zinashuka ndani ya bomba bila kupita mbele ya macho ya tetra, na zinatokea mlangoni kwake. Liache bomba hapo daima. Samaki wa namna hii huzoea kitu kisichosogea, na ukilitoa na kulirudisha kila siku linakuwa tishio jipya kila siku. Usishangae ukimkuta siku moja amelala humo ndani.

Kuna wanaoshauri uzime filta wakati wa kulisha ili chakula kisipeperushwe. Mimi nimeacha, tangu usiku niliosahau kuiwasha nikakuta asubuhi samaki wote wanahema juu ya maji. Ukiweza, geuza tu mdomo wa filta mkondo usipite pale unapotia chakula.

Ukitaka kuwachungulia usiku, tumia tochi hafifu uliyoifunika kwa karatasi nyekundu ya kung'aa, na usiwamulike usoni. Elekeza mwanga ukutani au kwenye kioo cha pembeni, kaa chini, tulia. Dakika kumi za kwanza hutaona kitu. Halafu kisiki kitaota sharubu.

Maana chombo cha kutafutia chakula hapa ni sharubu, macho ni msaidizi tu. Wahenga walisema nyumba ya kambare mkubwa na mdogo wote wana sharubu. Walikuwa wakiwasema watu, lakini kwa mfugaji ni sentensi ya kuichukua kama ilivyo: sharubu ndizo ulimi, ndizo pua, ndizo vidole. Tena kambare anaonja hata kwa ngozi. Kwa kambare mmoja wa Amerika Kaskazini aliyechunguzwa sana, Ictalurus punctatus, vionjeo vilivyoenea mwilini vimehesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Ndiyo maana giza haliwazuii kula, na ndiyo maana chakula kinachotoa harufu kinawatoa mafichoni kuliko chenye rangi nzuri.

Siku moja kaa sakafuni macho yalingane na mchanga umtazame Corydoras mmoja akila. Sharubu hutangulia zikipapasa huku na huku, haraka, kama mtu anayetafuta miwani gizani. Zikigusa kitu, anasimama ghafla, pua inazama mchangani hadi karibu na macho, kisha mchanga unamtoka nyuma ya mashavu kama unga unaopita kwenye chekeche. Kilicho chakula kinabaki mdomoni. Samaki huyu ameumbiwa mchanga laini. Ukimwekea changarawe kubwa, punje zinaangukia kwenye mianya asikofika pua, zinaoza huko, na sharubu zake zinazopapasa uchafu huo kila siku huanza kufupika. Corydoras mwenye sharubu zilizokatika nusu hapati chakula hata akiwa amekikalia. Sikujua una nini chini, hukutaja. Kama ni changarawe, unaweza kuondoa sehemu ya mbele tu ukaweka mchanga mwembamba uliooshwa vizuri, na hapo ndipo pawe mezani pao. Au tumia kisahani kidogo cha kioo kilicholazwa chini: kinawafaa wao, na wewe asubuhi unatoa mabaki kwa mkono mmoja.

Chakula chenyewe sasa. Vile vipande vinavyoelea waachie wa juu. Hata vichache vinavyozama hufika chini vikiwa vimelowa na kupoteza sehemu ya vitamini zake. Kwa Corydoras na Raphael nunua vidonge au punje za kuzama ambazo kiungo cha kwanza kilichoandikwa kwenye kopo ni samaki, kamba au wadudu, si ngano. Hawa wawili ni wala wadudu na minyoo zaidi kuliko majani. Mara mbili tatu kwa wiki wape kitu kilichogandishwa: mabuu mekundu ya usubi, au vidudu vidogo vya majini kama dafnia na artemia. Usitupe kile kipande cha barafu kizima juu ya maji, maana danio watakimaliza kikiwa bado kinayeyuka. Kiyeyushe kwenye kikombe chenye maji ya tangi, mwaga maji yale, ongeza mengine kidogo, vuta mabuu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na uyapulize polepole chini kabisa au ndani ya lile bomba la plastiki. Kama Raphael yu hai na hajatoka kwa punje, mabuu ndiyo yatakayomtoa. Minyoo iliyochotwa mtaroni usiitie hata kama ni bure. Inaleta maradhi.

Nasema haya kwa kambare ulio nao. Mtu mwenye Ancistrus, yule wa kunata kwenye kioo, angepata jibu jingine. Huyo anataka mboga: kipande cha tango au mchicha uliochovywa maji ya moto dakika moja, kikazamishwa kwa kijiko cha chuma na kuondolewa siku ya pili kabla hakijalegea, pamoja na gogo la kukwangua. Na Otocinclus mdogo anakula utando unaoota kwenye majani na mawe, kwa hiyo tangi jipya linalong'aa ni jangwa kwake. Wauzaji huwaita wote hao "samaki wa kusafisha", na jina hilo limewaua wengi. Hakuna kambare anayeishi kwa kinyesi cha wenzake. Mabaki anaweza kuokota, lakini katika tangi lenye danio wanane hakuna mabaki.

Kiasi. Kwa Corydoras watatu waliokomaa anza na kidonge kimoja cha ukubwa wa kitufe cha shati, ukivunje vipande viwili. Kwa Raphael, punje tano au sita za ukubwa wa pilipili manga. Siku tano au sita kwa wiki, moja bila chakula. Asubuhi, kabla ya kuwasha taa, tazama chini. Kukiwa hakuna kitu kabisa na matumbo yamenyooka tu, ongeza kidogo. Kukiwa na kidonge kilichoota utando mweupe, kitoe na upunguze. Hayo matumbo ndiyo kipimo kuliko maneno yangu. Corydoras aliyeshiba ana tumbo lililojaa kiasi ukimtazama kutoka mbele, na mwenye njaa anaonekana ameingia ndani nyuma ya kichwa, kama mkanda umekazwa. Kwa kambare wa kunata ni hivyohivyo, na macho yakianza kuzama kichwani ujue umechelewa. Ukiona anakula vizuri na bado anakonda, au anatoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, hapo tatizo limehama kutoka kwenye ulishaji, fikiria minyoo ya tumboni. Ila ukimwona Corydoras akipanda juu kwa kasi, akadaka hewa na kurudi chini kama mshale, usishtuke. Anameza hewa na kuipumulia utumboni, ndivyo alivyo. Akifanya hivyo kila baada ya sekunde chache, tena na wenzake, pima maji.

Amebaki Raphael, maana najua hutalala hadi ujue kama yupo. Usibomoe tangi. Mfanyie mtihani: usiku, wa juu wakiwa wameshalala, hesabu punje tano uzipitishe kwenye bomba hadi chini ya kisiki, na asubuhi mapema uzihesabu. Fanya hivyo usiku nne tano. Corydoras wanaweza kumwibia, kwa hiyo siku hizo washibishe wao kwanza. Punje zikiisha kila usiku, yupo. Zikibaki zote tano kila usiku, na amonia inapanda bila sababu unayoiona, ndipo ukinyanyue kisiki.

Nami niliwahi kumtia wa kwangu, nikamtafuta mwezi mzima, nikaamini amekufa na kuliwa na konokono. Miezi minne baadaye nilikuwa nahamisha tangi. Nikainua gogo kutoka majini, gogo likaguna. Samaki hawa hutoa sauti wakishikwa, na wangu alikuwa ndani ya ufa, tumbo limejaa kama limau, akilalamika. Kwa hiyo ukifikia kunyanyua kisiki, kishike kwa mikono miwili na ukiingize polepole kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe, pamoja na chochote kilichomo. Usijaribu kumvuta kwa mkono wala kumtoa kwa wavu, maana miiba yake ina meno, itanasa kwenye nyuzi na utalazimika kuukata wavu ukiwa umemshika. Mwache ndooni gizani, umefunika. Akitoka mwenyewe ndipo utamwona tumbo.